"Vuta n'kuvute": nani hasa anayesema "vuta"?

Mtoto wa Vikokotoni

Assalaam alaykum wana baraza.

Kuna jambo linanikera siku nyingi, leo nalileta hapa. Ni refu, mwenye haraka apite, hatugombani.

Riwaya ya Adam Shafi, *Vuta N'kuvute*, imetoka 1999. Tangu iingie skuli, kila mwongozo wa wanafunzi ninaoufungua unalieleza jina lake kwa maneno yale yale: "Jina la kitabu linasadifu yaliyomo kwa sababu ndani yake mna migogoro mingi." Kisha zinaorodheshwa: Yasmin na Raza, Denge mpigania uhuru na serikali ya kikoloni, Yasmin na jamaa zake. Nukta. Mwanafunzi anachukua maksi zake anakwenda zake.

Sasa nauliza, riwaya gani isiyokuwa na mgogoro? *Kuli* ya mwandishi huyo huyo ina mgomo wa bandarini mzima, wa 1948. *Kasri ya Mwinyi Fuad* ina mabwana na watumishi wao. Kama vuta n'kuvute maana yake ni ugomvi tu, basi jina hilo lingekaa juu ya kitabu chochote, hata cha Mapenzi ya Bwana Fulani. Mtu aliyekaa miaka 20 baina ya *Kuli* na kitabu hiki hakuokota jina njiani.

Hebu lisomeni polepole. Kuna mtu anasema. Anamwambia mwenzake: vuta. Halafu anamalizia: nami n'kuvute. Ndani ya maneno mawili mna watu wawili, mmoja anasema, mwengine anaambiwa. Na huyu anayesema si yule aliyeanza kuvuta, maana angekuwa yeye ndiye aliyeanza asingekuwa na haja ya kumwambia mwenzake avute. Yeye tayari anavutwa. Anachosema ni: haya, endelea, lakini ujue na mimi nina mikono.

Kwa hiyo kwangu mimi si jina la ugomvi. Ni jibu. Ni la mnyonge aliyekwisha kushika kamba. Na nasema, mnipinge mkitaka, kwamba mwenye sauti hiyo ni Yasmin. Si Denge.

Tazameni anapoanza. Kigori wa miaka 15, kaozwa Bwana Raza wa miaka 52, mwenye duka Mtendeni. Hajaulizwa kitu. Anahamishwa kwenda Mombasa kama mzigo wa dukani. Mpaka hapo ni "vuta" tupu, hakuna "n'kuvute". Siku anapotoroka na kurudi Unguja, mjomba wake akamfungia mlango, akenda zake Ng'ambo, mitaa ya wanyonge nje ya Mji Mkongwe, kwa shoga yake Mwajuma, ndipo nusu ya pili ya jina inapoanza kusemwa. Mwanamwali wa Kihindi wa miaka ya hamsini kuvuka kwenda kukaa Ng'ambo! Wazee wetu wanajua uzito wa hatua hiyo. Ule ndio mvuto wenyewe. Bastola za Inspekta Wright, polisi wa mkoloni, ni kelele za pembeni.

Karibuni.

Mzee wa Kariakoo

Mkuu umeandika gazeti zima. Mbona jambo lenyewe jepesi? Vuta nikuvute ni mvutano, basi. Wala si neno la mwandishi, alilikuta. Mimi nalisikia kila siku: vuta nikuvute ya usajili kati ya Simba na Yanga, vuta nikuvute ya nauli, vuta nikuvute ya wamachinga na mgambo. Hakuna anayekaa kuuliza nani anasema "vuta". Mgambo ndo anasema lol

Mtoto wa Vikokotoni

Umenisaidia bila ya kujua, sheikh. Hiyo ya wamachinga na mgambo ndiyo ninayoisema. Mgambo anavuta meza, mmachinga naye kaing'ang'ania. Je, mgambo akibeba meza mmachinga akakaa chini akalia, utaita vuta n'kuvute? Huwezi. Utaita kuonewa. Neno lenyewe linataka wote wawili wawe wanavuta, na lazima wa chini naye awe na nguvu za kumtia jasho wa juu. Hata waandishi wa habari za mpira wanalijua hilo kwa masikio ijapokuwa hawalielezi. Hawasemi vuta n'kuvute timu inapofungwa sita bila.

Bi Asumini

Alaykum salaam, ahsante kwa mada. Wanaume mnalisoma jina hili kama kichwa cha habari. Sisi tunalisoma kama jina la kanga.

Chukua kanga yoyote kabatini kwa mama yako, soma maandishi ya chini. Mengi yanasema na mtu. Hayamtaji, lakini yanasema naye: wewe unaenisema, wewe uliyedhani, wewe unayetamba. Mvaaji hafungui mdomo, anapita tu uchochoroni, na mlengwa anajijua. Jina la kitabu hiki ni la namna hiyo hiyo. Ukimuona mwanamke kavaa kanga imeandikwa "vuta n'kuvute" hutouliza kama ana mgogoro wa kitabaka. Utauliza: anamwambia nani?

Kwa hiyo mimi naungana na mwenye mada kwamba jina lina mdomo. Ila sikubali kuwa ni wa Yasmin peke yake. Mbona Mwajuma hamumtaji ila kama mwenye nyumba tu? Yeye ndiye aliyempokea binti wa watu waliokuwa hawaingii chumbani mwake, yeye ndiye aliyemuingiza katika taarabu, na taarabu yetu sote tunaijua, nusu yake ni kuambiana. Yasmin hakuzaliwa na ulimi huo. Kafundishwa Ng'ambo. Kama yeye ndiye anayesema "vuta n'kuvute" basi maneno kayaazima kwa Mwajuma.

Mzee wa Kariakoo

Hii ya kanga nimeielewa. Dada umemaliza.

Mkojani

Mie si mtu wa vitabu sana, lakini hili la kuvuta nalijua kwa viganja. Sisi Kojani, Pemba, kazi yetu juya, ule wavu mkubwa wa kukokota. Chombo kinalizungusha bahari, kamba mbili zinaletwa pwani, kundi moja linashika huku na jengine kule mbali. Mnaegemea kamba kwa mgongo, mnarudi nyuma hatua kwa hatua mchangani, wa mwisho akifika juu anaiachia anarudi majini kushika tena mbele. Na kadiri juya linavyokuja makundi mawili yanasogeleana, mpaka mwisho mnagusana mabega, mfuko wa juya katikati yenu na samaki wanarukaruka.

Sasa kuvuta kote huko, jasho lote hilo, hutosikia mtu akasema vuta n'kuvute. Akisema atachekwa. Maana wote wanavuta kwenda pamoja. Siku utakayosikia neno hilo pwani ujue samaki wameshatoka majini na watu wamo katika kugawa mafungu, hehe.

Kwa hivyo mwenye mada yu sawa, si kila kuvutana. Lazima kila mtu avute kwake.

Ila nami nna langu. Nyinyi mnaongea mapenzi na ndoa, mie jina lile nikilisikia nakumbuka walivyokuwa wakisimulia wazee Zama za Siasa, ile miaka ya vyama kabla ya uhuru wa Zanzibar. Uchaguzi wa Januari 1961: viti 22. Vyama vitatu: ASP kumi, Hizbu (ZNP) tisa, ZPPP watatu. Wale watatu nao wakapasuka, wawili wakaenda Hizbu, mmoja ASP. Kumi na moja kwa kumi na moja! Na kiti cha Chake Chake ASP walikipata kwa kura MOJA. Kura moja yakhe, mtu mmoja angechelewa kuamka siku ile mambo yangekuwa mengine. Kamba imekaza, haiji huku haiendi kule, serikali haiundiki. Ikabidi kiti cha 23 kiongezwe na watu wapige tena Juni mwaka ule ule, na machafuko yake Unguja yakaua watu 68. ASP kumi, Hizbu kumi, ZPPP watatu wale wale, na safari hii wote wakakaa na Hizbu.

Hiyo ndio vuta n'kuvute ninayoijua mie. Na nakwambieni hapo hapakuwa na mnyonge wala mwenye nguvu. Walikuwa sawasawa.

Mtoto wa Vikokotoni

Mkojani, hilo la kura moja ya Chake nalijua kwenye vitabu lakini ulivyolieleza umelipa mwili.

Lakini angalia, riwaya inasimama kabla ya hapo, katika miaka ya hamsini, mkoloni bado yuko imara, Denge na wenzake wana vikaratasi na magazeti, na wanakimbizwa usiku na Koplo Matata. Huo si usawa wa kumi na moja kwa kumi na moja. Mmoja ana jela, mwengine ana mdomo. Ndiyo maana nasema jina ni la wa chini. Mwenye jela hana haja ya kusema "vuta".

Shangazi wa Wete

Jamani nipisheni na mie. Sijasoma kitabu chenyewe, naona haya kusema mbele ya wasomi, ila neno nalitumia kila siku ya Mungu.

Kwetu kuna shamba la mikarafuu la marehemu babu. Warithi ni wengi, wengine wako Unguja, wengine Tanga, na mmoja yuko Muskat. Mwaka ambao mikarafuu haikuzaa hakuna anayepiga simu. Mwaka wa mavuno simu zinalia tangu alfajiri. Huyu anasema lile pando la bondeni ni la mama yake, yule anasema marehemu alimpa kwa mdomo, huyu kaleta waraka una alama ya dole gumba haisomeki. Kaka yangu mkubwa kwa miaka mingi alikuwa akichuma peke yake na sisi tumenyamaza, basi tulikuwa tukisema "kaka anatudhulumu". Hatukusema vuta n'kuvute. Siku dada yangu mdogo alipochukua wachumaji wake akaingia nao shambani upande wa pili, wakawa wanachuma huku na wale wanachuma kule, majamvi mawili ya karafuu yameanikwa mbele ya nyumba moja, ndipo watu mtaani wakasema: sasa pale kwa kina fulani pana vuta n'kuvute.

Basi ndivyo tunavyosema sisi. Tafsiri zenu nyengine sizijui.

Bi Asumini

Shangazi, wewe usione haya. Majamvi mawili mbele ya nyumba moja! Laiti miongozo ingeandikwa hivyo.

HKL mwaka wa mwisho

Shikamooni nyote. Mimi mwanafunzi wa fomu six, tunasoma riwaya nne, *Kufikirika*, *Mfadhili*, *Usiku Utakapokwisha* na hii. Mwalimu ametupa swali hili hili la jina kusadifu yaliyomo. Nimesoma uzi wote nimevutiwa lakini naogopa. Nikiandika kwamba jina ni "jibu la mnyonge", msahihishaji si atanikata? Yeye anataka migogoro: ya kisiasa, ya kiuchumi, ya kinafsi, ya mapenzi.

Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Na wengine nyote, kheri.

Nimefundisha kitabu hiki kwa miaka na nimekuwa nikiusoma uzi huu kimya tangu asubuhi. Nitasema mambo kwa mpangilio utakaonijia.

Kwanza ile alama ya ritifaa. Mzee wa Kariakoo anaandika "nikuvute", magazeti mengi ya Bara nayo huandika hivyo, na wengine huyaunga yote yakawa neno moja. Jaladani imeandikwa *N'kuvute*. Si kosa la chapa wala si mbwembwe. Hivyo ndivyo ulimi wa Unguja unavyosema: n'kwambie, n'pe, n'takuja. Mwandishi kaliweka jina kwa sauti ya mtu wa mjini akiongea, si kwa sauti ya kitabu cha sarufi. Mizani ni zile zile sita, vu-ta-n'-ku-vu-te, lakini ukitamka "ni" kamili kamba inalegea kidogo pale katikati. Kwa hiyo hoja ya Bi Asumini kwamba jina lina mdomo inaonekana hata katika tahajia. Mdomo wenyewe ni wa hapa hapa.

Pili, mwenye mada amelinganisha na vitabu vya mwandishi mwenyewe. Afadhali angetazama majirani zake pia. *Kiu* ya Mohamed Suleiman Mohamed, 1972: jina la hali, kila mhusika ana kiu yake. *Asali Chungu* ya Said Ahmed Mohamed: vitu viwili visivyokaa pamoja vimekalishwa. *Utengano*, wa huyo huyo, 1980: tena hali, na unaweza kuhesabu utengano ndani ya nyumba ya Bwana Maksuudi chumba kwa chumba. *Dunia Mti Mkavu* ni nusu ya methali, anayeijua anamalizia mwenyewe kimoyomoyo: kiumbe usiuelemee. Yote ni majina ya mafumbo, Wazanzibari tunayapenda. Lakini yote yanaeleza. *Vuta N'kuvute* pekee ndilo linalomuamrisha mtu kitendo. Hilo mwenye mada kaliona sawa.

Tatu, na hapa ndipo tunapoachana. Anasema msemaji ni Yasmin. Mimi nilikuwa nikiwauliza wanafunzi wangu swali jengine: kamba iko wapi? Jina halikusema "nivute n'kuvute". Lingesema hivyo lingekuwa ndugu wa "nipe n'kupe", mimi na wewe, tumemaliza. Limesema "vuta", bila ya kutaja kinachovutwa. Kuna kitu cha tatu baina ya hawa wawili. Someni riwaya tena mkilitafuta. Raza anamvuta Yasmin. Jamaa zake na heshima ya jamii yao wanamvuta. Mwajuma anamvuta Ng'ambo. Denge anamvuta, na mapenzi yake yamechanganyika na harakati. Inspekta Wright anapotaka kumpata Denge, njia anayoiona ni kupitia kwa Yasmin. Mwisho Bukheti ndiye anayekuwa mume. Kila mmoja anashika upande. Yasmin hashiki kamba, jamani. Yasmin ndiye kamba.

Na ukitaka kwenda mbali zaidi, badala ya Yasmin weka Zanzibar yenyewe ya miaka ile. Siendi huko leo.

Mtoto wa Vikokotoni

Mwalimu wangu, kwa heshima zote, hapo sikubali. Na sikubali kwa nguvu.

Kumfanya Yasmin kamba ni kumrudisha dukani Mtendeni. Kamba haitoroki Mombasa. Kamba haipandi meli. Kamba haichagui mume asiyekuwa wa kabila lake mbele ya macho ya jamaa zake. Hivyo hivyo tu tumekuwa tukiwasoma wanawake wa riwaya zetu: wanavutwa, wanavutwa, wanavutwa. Huyu kavuta. Aliacha mume, akaacha mtaa, akajifunza kuimba, na kila alipovutwa alikuwa na jibu, ijapokuwa si kila jibu lilikuwa zuri kwake.

Hilo la kukosekana "ni" kwenye "vuta" nalikubali kuwa lipo, lakini nadhani unalitwika mzigo. Watoto wakicheza kuvuta kamba hawasemi "ivute", wanasema vuta! Kiswahili kinafanya hivyo kila siku. Piga n'kupige, mtu hasemi "nipige".

Mwalimu Mstaafu

Watoto wakisema "vuta!" kamba wameishika mikononi, wanaiona. Ndiyo maana hawaitaji. Ndivyo ninavyosema na mimi.

Lakini nakuachia hilo la Mombasa, ni zito.

Mlandege

Nimeiona filamu yake, ya Amil Shivji, ile ya 2021 iliyokwenda mpaka tamasha la Toronto. Nadhani ubishi wenu mwongozaji kaukata kwa upande mmoja. Filamu imeegemea Yasmin na Denge, na Mwajuma ambaye kaigizwa na Siti Amina, mwimbaji wetu wa hapa hapa, kila anapotokea anaijaza skrini. Kitabu kina watu wengi, kina vijana wengi wa harakati, kina mizunguko ya kukimbizana na polisi ambayo mimi binafsi huiona mirefu. Filamu imepunguza, kamba imebaki na watu wachache, na hapo hoja ya mwenye mada inaonekana vizuri zaidi. Yule binti hasemi sana lakini humuoni kama kitu cha kuvutwa.

Ila jina likiwa juu ya filamu lina maana nyepesi zaidi kuliko likiwa juu ya kitabu. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu filamu unaitazama na watu, unatoka ukumbini, kila mtu anasema "vuta n'kuvute kweli kweli" kisha mnatafuta urojo.

Mzee wa Kariakoo

Swali la mtu wa Bara asiyejua. Kitabu kimetoka 1999. Huko kwenu mwaka huo si ndo CCM na CUF walikuwa wanatia saini muafaka wa kwanza baada ya ule uchaguzi wa 95? Je, jina halikuwa linasema na siasa za wakati ule?

Bi Asumini

Tulikuwa tunaenda vizuri…

Mkojani

😂 Mzee kashika kamba

Mtoto wa Vikokotoni

Tusiligeuze uzi. Jibu fupi: mwaka ni huo kweli, lakini mswada wa riwaya kubwa hauandikwi kwa wiki mbili, na kitabu kinazungumzia ukoloni. Kusema mwandishi alikusudia muafaka ni kumsemea. Ila msomaji wa Unguja au Pemba aliyekinunua mwaka ule, akalisoma jina akiwa amesimama Darajani, alisikia alichosikia. Hilo halizuiliki, na si dhambi ya mwandishi wala ya msomaji.

Turudi kwenye matumizi. Mimi naona neno hili likiwa jina la jambo tu, yaani "vuta n'kuvute hiyo", "vuta n'kuvute iliyotokea", lile jibu ndani yake linapoa. Shangazi kasema "pana vuta n'kuvute", anaeleza majamvi mawili. Hakuna tena anayemwambia mwenziwe vuta. Ndivyo linavyotumika magazetini pia. Sidhani ni kosa, maneno ya kuambiana yakitumika sana huwa majina ya vitu, "nipe n'kupe" nayo imekuwa hivyo hivyo, leo ni biashara tu. Lakini riwaya imelichukua neno kabla halijapoa. Au imelipasha moto upya. Ndiyo maana sipendi mwongozo unapolifasiri kwa neno "mgogoro". Mgogoro hauna mtu ndani.

Shangazi wa Wete

Sasa mwanangu nikwambie, lile la dada yangu. Siku alipoingia shambani na wachumaji wake kaka alimtumia mtu kumwambia atoke. Yeye akamjibu yule mtu: "Mwambie avute." Basi hivyo tu. Sikulifikiria mpaka nilivyosoma hapa.

Mtoto wa Vikokotoni

Shangazi!! Mwalimu Mstaafu, njoo uone. Nusu ya kwanza ya jina, na aliyeitoa ni yule anayevutwa.

Mwalimu Mstaafu

Nimeona. Na kamba ni shamba la karafuu la marehemu, Mungu amrehemu. Dada kasema, kaka kaambiwa, na kinachovutwa hakikutajwa kwa sababu wote wanakijua. Tumepata wote wawili haki yetu, wewe ya msemaji na mimi ya kamba.

Lakini kwenye riwaya bado nasimama pale pale. Dada wa Shangazi ana shamba la kuvuta. Yasmin anachovuta ni nafsi yake mwenyewe, yaani yeye ndiye mshikaji na yeye ndiye anayeumia viganja. Nipe muda, labda hapo ndipo tutakapokutana.

HKL mwaka wa mwisho

Samahanini narudi kwenye swali langu. Niandike nini sasa? Mtihani wa majaribio ni wiki ijayo na uzi huu umenichanganya zaidi 😭

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, andika hivi. Aya ya kwanza mpe msahihishaji anachokitaka: jina linasadifu yaliyomo, taja mivutano minne, ya ndoa, ya mapenzi, ya kisiasa, ya kitabaka, kila mmoja na mfano wake. Usimtaje mhusika bila ya kitendo. Maksi zako za msingi zimo humo. Kisha aya ya mwisho, mistari sita au saba isizidi, sema jina ni kauli ya mtu anayevutwa akimjibu anayemvuta, na mfano wako uwe Yasmin kutoka kwa Raza mpaka Ng'ambo. Usiandike neno "kamba", hilo ni ugomvi wa wazee. Na andika *N'kuvute* na ritifaa yake, nimeona wengi wanaandika bila.

Bi Asumini

Na umtaje Mwajuma.

HKL mwaka wa mwisho

Nitamtaja bi mkubwa. Ahsanteni sana. Mwalimu, ukipata nafasi tufungulie na uzi wa *Kufikirika*, jina lile nalo silielewi kabisa.